Kodi ya pango ikiwekewa kikomo, paa linatengenezwa na nani?

Wapangaji wa Nyegezi na Mkolani, hapa Mwanza, hutuuliza: mbona nauli ya daladala ina bei elekezi, chumba hakina? Kiliwahi kuwa nayo. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 iliweka kikomo cha pango, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji bila amri ya baraza. Ilifutwa mwaka 2005.

Sisi wathamini hutazama jengo kabla ya watu, mtuwie radhi. Chukua ghorofa la vyumba kumi na viwili pale Nyakato. Kikomo kinashika kodi. Hakishiki bei ya saruji wala ujira wa fundi bomba. Mwenye nyumba hawezi kuacha kulipa mkopo, kwa hiyo anaacha kile kisichoonekana upesi. Rangi kwanza, halafu mifereji, mwisho paa. Miaka miwili ya mwanzo hakuna anayegundua. Baadaye ukuta wa juu unaota ukungu na mvua ya masika inaingia chumbani. Na kwenye milima ya mawe kama Igogo, ambako mchanga hupandishwa kichwani, nani ataanza msingi mpya akijua kodi haitarudisha gharama?

Pesa nayo hutafuta mlango wa nyuma. Ndipo kilemba kinapopata nguvu: unalipia ufunguo kabla ya kulipia chumba. Aliyeshika chumba hakiachii hata akipata kazi Geita.

New York walilionja hili. Sheria yao ya 2019 iliruhusu dola 15,000 tu za ukarabati wa ndani, katika miaka 15, kuingizwa kwenye kodi ya nyumba zinazodhibitiwa. Wenye majengo wakadai ni afadhali kufunga nyumba chakavu kuliko kuikarabati. Wapangaji wakajibu kwamba ukarabati ulikuwa kisingizio cha kuwafukuza. Mwaka 2024 kiwango kikapandishwa. Kila upande una hoja.

Lakini soko huria letu nalo si malaika: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali juu yake. Kwa maoni yangu, bora kudhibiti kasi ya kupanda kwa kodi, ukarabati wenye risiti uhesabiwe, kuliko kugandisha bei.

Kwa sasa ngao yako kubwa ni mkataba. Uandike kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, notisi ni ya siku ngapi, na nani atalipia tangi la maji likipasuka. Mkishindwana, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mkataba huo mkononi.