Mafao ya kukosa kazi Marekani: hundi ya leo, kodi ya Aprili

Ndugu zetu wengi walioko Marekani hufanya kazi kwenye maghala na viwanda vya nyama, ambako mtu anaweza kupunguzwa kazini bila kutarajia. Akishapunguzwa huomba mafao ya jimbo, na hapo ndipo kila jirani anapogeuka mtaalamu wa kodi.

"Huu ni msaada, na msaada hautozwi kodi."
Kwa serikali ya shirikisho, mafao haya ni kipato. Zamani hayakuguswa. Mwaka 1979 yakaanza kutozwa kwa wenye kipato kikubwa kidogo, na tangu 1987 kwa kawaida yanahesabiwa yote. Yasichokatwa ni michango ya Social Security (pensheni ya taifa) na Medicare (bima ya afya ya wazee).

"Hawajakata kitu, basi sidaiwi."
Hawakati mpaka uombe, kwa fomu W-4V au ile ya jimbo lako, na hukata asilimia 10 tu. Mwanzoni mwa mwaka unaofuata unapewa fomu 1099-G: kisanduku cha 1 ni ulicholipwa, cha 4 ni kilichokatwa. IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, wanayo nakala, kwa hiyo kunyamaza hakusaidii.

"Mafao yalikuwa ya mke wangu, mshahara wangu hauhusiki."
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua mwaka wa kodi 2025. Mtu asiye na ndoa aliyepokea mafao ya dola 12,000, bila kipato kingine, hadaiwi kodi ya shirikisho, kwa sababu punguzo la kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, ni dola 15,750. Mpe mafao hayohayo mwanamke ambaye mumewe anapata mshahara wa dola 60,000. Wakijaza ritani pamoja, punguzo lao la 31,500 limeshamezwa na mshahara, na mafao yote yanaangukia kwenye asilimia 12: dola 1,440. Hata kama alikatwa ile asilimia 10, bado wanadaiwa 240. Mume akiwa anapata 140,000, mafao yanatozwa asilimia 22, na pengo linafika dola 1,440.

"Basi tujaze kila mtu yake."
Ushauri huu hutolewa kwa ujasiri mkubwa kuliko hesabu zake. Kwa wale wa dola 60,000, mke kweli hatalipa kitu, lakini kodi ya mume peke yake itazidi ile ya pamoja kwa karibu dola 690, hasa kwa kuwa sehemu ya punguzo la mke inapotea bure.

"Dola 10,200 za kwanza zimesamehewa."
Zilisamehewa kwa mafao ya mwaka 2020 peke yake, enzi za korona, kwa sheria ya Machi 2021. Kila mwanandoa aliyepokea mafao alikuwa na msamaha wake, kwa hiyo wawili waliweza kufikisha 20,400. Ambaye hakupokea hakuwa na cha kumgawia mwenzake. Kikomo cha kipato kilikuwa chini ya dola 150,000, na hakikuongezwa kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Anayekwambia msamaha huo bado upo anasoma habari za zamani.

"Majimbo yote yanatoza sawa."
California, New Jersey na Pennsylvania hayatozi mafao haya. Texas na Florida hayana kodi ya mapato kabisa. New York na Minnesota yanatoza, kwa hiyo huko tenga fedha za jimbo pia, kando na za shirikisho.