Pasipoti mpya, vidole vilevile

Wiki hii huyu ni mteja wa tatu kuja nimjazie fomu ya viza. Kaniwekea mezani pasipoti inayonukia upya, jina la katikati limeondolewa, kisha ananinong'oneza: "Dada, ile rekodi ya kudipotiwa Marekani nimeshaifuta." Alidipotiwa miaka sita iliyopita. Hela ya wakala aliyemwambia hivyo keshatoa.

Hakuna kilichofutwa. Siku ya kudipotiwa walimpiga picha na kumchukua alama za vidole, na ubalozini ataweka tena vidole vyote kumi, iwe anaomba viza ya matembezi au ya kazi. Wanaolinganishwa ni vidole, jina lije lilivyo. Halafu kuna DS-160, fomu ya kuombea viza, inayouliza waziwazi kama umewahi kufukuzwa. Wakala alimwambia ajaze "hapana". Hapo ndipo damu inaponichemka! Huyu alifungiwa kuingia Marekani miaka 10, akabakiza minne. Kwa "hapana" hiyo moja anaingia kwenye kifungu cha udanganyifu cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, 212(a)(6)(C), ambacho kinakufungia maisha. Angesema kweli, angeweza kuomba ruhusa ya kurudi kabla miaka haijaisha kwa fomu I-212, na mtembezi anaweza kuombewa msamaha na afisa wa ubalozi. Si rahisi, na wengi hukataliwa, lakini njia ipo. Uongo ndio unaoiziba.

Wengine wanasema hawakudipotiwa kwa kuwa tiketi walikata wenyewe. Kama jaji alikuwa ameshatoa amri ya kukuondoa ndipo ukapanda ndege, umedipotiwa, tiketi alipe nani. Kama amri haikuwepo, hesabu siku ulizokaa bila kibali: zikizidi 180 unafungiwa miaka 3, zikifika mwaka mzima ni 10.

Na kwa walioondolewa kwa amri, si miaka 10 kwa kila mtu. Aliyegeuziwa uwanja wa ndege kwa amri ya papo hapo kwa kawaida hupata 5, aliyerudia kosa 20, mwenye jinai nzito hufungiwa bila kikomo. Inahesabiwa tangu siku ulipotoka Marekani, siyo siku ya hukumu. Ikiisha, umeruhusiwa kuomba tu. Viza ya matembezi bado utamshawishi afisa kwamba utarudi nyumbani.

"Basi nijaribu Uingereza au Kanada." Fomu zao zinauliza kama umewahi kufukuzwa nchi yoyote, na nchi hizo hubadilishana taarifa za vidole na Marekani. Ukikamatwa na uongo Uingereza, ni miaka 10 mingine.

Mimi mteja asiye na karatasi simjazii fomu. Nenda kafukue sanduku, utafute ile uliyopewa siku ya kuondolewa, inayotaja kifungu na idadi ya miaka. Imepotea? Tunaandika kuomba nakala ya faili lako la uhamiaji hukohuko Marekani, tunasubiri, hata kama ni miezi. Na huyo wakala, mdai hela yako.