Je, wajua kwa nini duara la kitenge hugeuka ngazi likihamia kwenye shanga?

Mteja anafika kwa fundi wa shanga pale Mwanjelwa, Mbeya, mkononi ana kipande cha kitenge cha sare ya harusi. Ni maduara ya njano yaliyozungukana juu ya bluu iliyokolea, na vidoto vyeupe katikati. Anataka hereni na bangili zinazofanana na nguo hiyo. Fundi anachora, anahesabu, anafuma. Kazi inatoka safi, uzi umekaza, rangi zimepatikana. Lakini duara limepotea. Ubavuni limeota ngazi, na kimo chake kimezidi upana, utadhani limevutwa juu na chini. Mteja anaona fundi kabahatisha.

Fundi hakubahatisha. Duara hilo limeharibiwa na mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni kwamba ushanga hauwezi kukatwa. La pili halijulikani sana hata kwa mafundi wazoefu: ushanga si mraba.

Tuanze na ngazi. Kitenge ni pamba iliyofumwa, nyuzi za mtande zikienda kwa urefu na za mshindio zikikatiza, na katika sentimita moja ya kitenge cha kawaida hupita nyuzi zaidi ya 20. Rangi ikichapwa juu yake inaweza kukomea popote, hata katikati ya uzi. Ndiyo maana mpaka wa njano na bluu unazunguka bila kuonyesha kona. Ushanga hauna uhuru huo. Ushanga mmoja ni rangi moja, na ule unaotumika sana kwa hereni na bangili, namba 11, una unene wa karibu milimita 2.1. Ukizipanga bega kwa bega, kwenye sentimita moja haziingii hata tano. Mstari unaotaka kupinda hauna njia nyingine: unakwenda ushanga mmoja pembeni, unapanda mmoja juu, unakwenda tena pembeni. Hiyo ndiyo ngazi.

Namba za shanga, kwa asiyezizoea, huenda kinyume na matarajio: namba ikipanda, ushanga unapungua. Namba 6 ni kama milimita 4, namba 8 ni kama 3, namba 15 ni kama 1.5. Ukitaka ngazi ndogo, nenda namba kubwa, ila macho na vidole vitalipa gharama yake.

Na ngazi hazionekani na kila mtu. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa milimita 0.3 hivi vikiwa umbali wa mita moja. Kwa hesabu hiyo, ngazi ya milimita 2.1 hupotea machoni kuanzia mita saba. Mwanakwaya aliyesimama mbele kanisani, hereni zake ni duara kwa aliyekaa benchi la nyuma, na ni ngazi kwa mwenzake aliyesimama naye bega kwa bega. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mteja, kabla hata ya rangi, ni hili: nani atakayeitazama kazi hii, na kwa umbali gani? Kidani kikubwa cha kuvaa jukwaani kinaweza kubeba ua la kitenge likaeleweka. Bangili ambayo mvaaji mwenyewe ataitazama siku nzima kutoka sentimita thelathini haina pa kujificha.

Sasa lile duara lililorefuka. Hapa inabidi tujue ushanga unavyozaliwa. Katika viwanda vya kioo kama vile vya eneo la Jablonec nad Nisou, Jamhuri ya Czech, kioo cha moto huvutwa kikawa bomba jembamba lenye tundu katikati. Bomba hukatwa vipande vidogo, kisha vipande huzungushwa kwenye joto hadi makali ya pembeni yalainike. Kwa hiyo unene wa ushanga umetokana na bomba, lakini urefu wake kufuata tundu umetokana na mkato, na vipimo hivyo viwili havilingani. Namba 11 ya duara ina unene wa karibu milimita 2.1, ila kufuata tundu ni kama milimita 1.5 tu. Uweke ushanga mmoja kwenye ncha ya sindano, uuzungushe karibu na macho: umebonyea juu na chini, pale uzi unapoingilia na kutokea.

Kwenye fremu ya kufumia, tundu hulala kwa upana. Sindano inapitisha shanga za mstari mzima chini ya mtande, kidole kinazisukuma juu ili kila moja ikae kati ya nyuzi mbili, kisha sindano inarudi ndani ya matundu yaleyale, safari hii ikipita juu ya mtande. Maana yake, kwa upana unahesabu milimita 1.5, na kwa kimo unahesabu 2.1. Chora duara la vyumba 20 kwa 20 kwenye karatasi ya grafu, lifume. Upana utakuwa 20 mara 1.5, yaani milimita 30. Kimo kitakuwa 20 mara 2.1, yaani milimita 42. Duara limegeuka yai, na hakuna mkono uliokosea.

Dawa yake ni kuchora vibaya kwa makusudi. Duara lenye shanga 20 kwa upana lichorwe kwa mistari 14 tu ya kimo: 14 mara 2.1 ni milimita 29.4. Kwenye grafu ya kawaida litaonekana limekandamizwa, likifika sikioni litakuwa duara. Au, na hili nalipendekeza kwa moyo wote, acha karatasi ya grafu ya dukani, ujichoree yako yenye vyumba vya milimita 5 kwa upana na milimita 7 kwa kimo. Uwiano wa 5 kwa 7 ndio uleule wa 1.5 kwa 2.1. Piga rula ukurasa mmoja, utoe kopi stesheneri, una karatasi za mwaka mzima. Kwa sababu shanga za sokoni hutofautiana, anza na kipande kidogo cha majaribio, shanga 10 kwa mistari 10, ukipime kwa rula pande zote mbili. Kipimo hicho ndicho cha kukiamini kuliko namba iliyoandikwa kwenye pakiti.

Wafumaji wa sweta wa Njombe na Makete hawatashangaa. Kitanzi cha sweta nacho si mraba, ni kipana kuliko kimo chake, na ua lililochorwa kwenye grafu ya kawaida likifumwa hubonyea. Tatizo ni moja, limeegemea upande mwingine tu.

Si lazima lakini kufuma kwa fremu. Kuna mshono wa matofali, ambao kila mstari husogea nusu ushanga kutoka kwa ule wa chini yake, sawasawa na ukuta wa nyumba unavyojengwa. Hapa tundu husimama wima, na mstari wa mshazari haupandi tena ngazi nzima bali nusu. Mishazari inalainika kweli. Unachopoteza ni mstari wa wima, ambao sasa unakuwa na meno. Mshono huu pia hupungua wenyewe ushanga mmoja kila mstari usipoongeza, na ndiyo maana hereni nyingi sana za shanga zina pembetatu juu na nyuzi za shanga zikining'inia chini. Pembetatu hiyo ilichaguliwa na mshono kabla fundi hajachagua. Kwa kitenge chenye almasi, meno ya msumeno au majani yenye ncha, sioni mshono unaoushinda huu.

Na kama mteja amekazania duara lake? Basi toka kabisa kwenye mistari na nguzo. Tazama kidani cha Kimaasai, kile kipana cha shingoni. Wauzaji wake wanapita mitaani Mbeya na Iringa kila siku. Maduara yake hayana ngazi hata moja, na shanga zake si tofauti na za watu wengine. Siri ni kwamba shanga zimetungwa kwenye waya unaozunguka wenyewe, duara juu ya duara, na vipande vya ngozi au plastiki vinashikilia nafasi kati ya waya na waya. Umbo limetoka kwenye waya, shanga zimelifuata. Kudarizi kwa shanga juu ya kitambaa kigumu au ngozi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: unachora duara kwa penseli, unalaza shanga mbilimbili kufuata mstari, unarudisha sindano, na kila ushanga unageukia upande mstari unakogeukia. Ua la kitenge linahama na mikunjo yake yote. Kazi ni nzito zaidi kuvaa na inataka kitambaa cha mgongoni, lakini kwa hereni kubwa au bruchi ni jibu safi.

Baada ya yote hayo nina msimamo wangu: kunakili kitenge chote kwenye shanga ni kuupoteza uzuri wa vyote viwili. Kitenge cha nta kilianza kama uigaji wa batiki ya Java, na kampuni ya Kiholanzi ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, ilijijenga juu ya mtindo huo. Ile mishipa myembamba inayotawanyika rangini, iliyotokana na nta kupasuka, haiwezi kufumwa kwa shanga. Iache. Chukua kimoja: mpangilio wa rangi, au namna pambo linavyojirudia, au ukanda wa pembeni tu. Kwenye kanga, pindo linafaa kwa bangili kuliko mji, yaani ile sehemu ya katikati, kwa sababu tayari ni ukanda mrefu unaojirudia.

Na kwa walioko Iringa, nguo siyo mahali pekee pa kutafuta. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe vina mistari, meno na mishazari iliyotokana na kupitisha unyasi juu na chini, hatua kwa hatua. Pambo la namna hiyo limezaliwa kwa kuhesabu, kwa hiyo likifika kwenye shanga halipungukiwi na kitu. Pale Neema Crafts, kituo cha Iringa kilichoanza mwaka 2003 na kinachoajiri watu wenye ulemavu, kufuma vitambaa na kutengeneza mapambo ni kazi za nyumba moja, na mtu anayejifunza ubunifu atafaidika kuzitazama kwa pamoja.

Rangi nazo zina mtego. Kitenge chenye bluu mbili zinazokaribiana hupendeza kwa sababu kila moja ina eneo pana. Zigawe katika shanga za milimita mbili, jicho linazichanganya na pambo linafifia. Kinachobeba umbo kwenye shanga ni tofauti ya giza na mwanga kuliko tofauti ya rangi. Piga picha ya kitenge kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe. Sehemu zilizobaki zikionekana tofauti ndizo zitakazoonekana kwenye bangili. Zilizogeuka kijivu kimoja zitamezana, hata kama moja ilikuwa nyekundu na nyingine kijani.

Kisha kuna rangi isiyodumu. Katika shanga nyingine rangi imo ndani ya kioo chenyewe, na hiyo haitoki. Nyingine zimepakwa au kutiwa rangi juu tu, hasa baadhi ya zambarau na waridi kali, na jasho, sabuni na jua huziondoa. Weka chache kwenye pamba yenye maji ya kuondolea rangi ya kucha, usugue. Nyingine ziache dirishani wiki kadhaa, nusu yake ukiifunika kwa karatasi. Fundi anayeuza bila jaribio hili anauza kitu asichokijua, na mteja atakayevaa hereni zake kwenye jua la Mbarali atamrudishia majibu mapema.

Uteuzi huu wa rangi si jambo jipya kwetu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilibeba shanga za kioo kutoka Ulaya, zikiwemo nyekundu zilizoitwa samesame, na kila eneo lilikuwa na aina lililoipenda na aina lililoikataa. Msafara uliobeba rangi iliyopitwa na wakati ulikosa chakula. Wanunuzi waliamua, na wafanyabiashara wa mbali walilazimika kufuata.

Hesabu ya mwisho ni ya manunuzi. Bangili ya upana wa shanga 20 na urefu wa sentimita 16 ina mistari kama 76, yaani shanga 1,520. Gramu moja ya namba 11 huwa na shanga kama 110, kwa hiyo bangili hiyo inakula gramu 14. Kuna zinazopasuka, na kuna zilizo nyembamba au nene kupita kiasi za kutupwa, kwa hiyo nunua gramu 20. Kama ni sare ya watu kumi na wawili, nunua gramu zote 240 siku moja, kwa muuzaji mmoja, kutoka mfuko mmoja. Rangi ya kioo hutofautiana kidogo kati ya mkupuo mmoja wa kiwandani na mwingine, na tofauti ambayo huioni dukani utaiona wasimamizi wa harusi wakinyoosha mikono pamoja kupigwa picha.