Kilembe: njia ya Rwenzori inayoanzia mgodini

Kilimanjaro ni volkano, Elgon pia, kwa hiyo wengi hudhani na Rwenzori ni hivyo hivyo. Sivyo. Rwenzori ni bonge la miamba ya kale lililosukumwa juu ardhi ilipopasuka kwenye Bonde la Ufa, hadi kilele cha Margherita kikafikia mita 5,109. Miamba iliyokuwa imezikwa chini sana ikapanda pamoja na mlima, na upande wa Kasese, magharibi mwa Uganda, ilipanda na shaba na metali iitwayo kobalti.

Mgodi wa Kilembe ulianza kuzalisha shaba mwaka 1956, mwaka ambao reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese. Mzigo ulisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Miaka ya 1970 kazi ilidorora, kisha ikasimama.

Leo wapandaji wa njia ya Kilembe huanzia bonde hilo hilo la mto Nyamwamba, ambako mgodi uliacha malundo ya masalia, yaani mawe yaliyosagwa yakabaki baada ya shaba kutolewa. Ndani ya masalia hayo mna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha shaba na kobalti na kuziingiza mtoni. Mafuriko makubwa ya 2013 na 2020 yalizidi kuyamomonyoa malundo. Cha ajabu, wapo bakteria wanaoharakisha kazi hiyo ya kutoa asidi na kuyeyusha metali, na kiwanda kimoja cha Kasese kiliwahi kuwafuga ndani ya matangi makusudi ili waitoe kobalti kwenye masalia ya zamani. Ndani ya tangi ni mali. Mtoni ni sumu.

Basi mpandaji abebe maji ya kunywa tangu mwanzo, asiyachote karibu na malundo. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi metali. Wakazi nao wasilime mboga juu ya masalia, hata kama udongo unaonekana laini. Mahandaki ya zamani msiyaingie kabisa: hewa yake inaweza kukosa oksijeni, na paa halina wa kulikagua.

Juu ya hapo ni Hifadhi ya Taifa, Urithi wa Dunia tangu 1994, na adui mkubwa ni tope. Viatu vya bei kali havifui dafu huko, vaeni gambuti. Wanaolenga Margherita watahitaji pia kamba na vyuma vya meno vya kufunga viatuni, kwa kuwa barafu inayosinyaa huacha nyufa na kuta ambazo ramani za zamani hazina.