Ankara ya Maji Iliyopangwa kwa Ajili ya Wahasibu: Yaliyoikuta Ayalandi

Nafanya kazi ya kupanga bei za maji, na karibu kila kikao lazima atokee mtu wa kuuliza: "Kwani Ayalandi walishindwaje kutoza maji majumbani?" Ana haki ya kuuliza. Nchi ina mvua karibu mwaka mzima, ina fedha, ina wahandisi, lakini mwaka 2017 ilipitisha sheria ya kuwarudishia wananchi pesa za ankara walizokwisha kulipa, takriban euro milioni 170.

Jibu la haraka ni maandamano. Ni kweli watu waliandamana, tena kwa makumi ya maelfu. Ila mimi kila nikikaa na hesabu zile naona kosa lilianza mapema zaidi, mezani. Bei ile ilipangwa ili ipendeze kwenye daftari la madeni ya serikali, mabomba yakaja baadaye.

Kaya za Ayalandi zilikuwa hazilipi ankara ya maji tangu 1997. Kodi ndiyo iliyogharamia huduma, na halmashauri 34 zilisimamia, kila moja na mitambo yake na namna yake ya kuahirisha ukarabati. Bomba halina mpiga kura, kwa hiyo bajeti ikibana ndilo la kwanza kusubiri. Karibu nusu ya maji yaliyosafishwa yalikuwa yanavujia ardhini. Mwaka 2007 wakazi wa Galway walichemsha maji ya kunywa kwa miezi mitano kwa sababu ya kimelea cha kriptosporidiamu.

Mwishoni mwa 2010, benki zikiwa zimeanguka, serikali ikaenda kukopa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Kutoza maji majumbani kukaingia kwenye masharti ya mkopo. Mwaka 2013 ikaundwa kampuni ya maji, Irish Water, chini ya Bord Gáis, kampuni ya umma ya gesi, na Januari 2014 ikarithi kazi ya halmashauri zote.

Hesabu ya serikali ilikuwa hivi: kampuni itoze ankara, ikope kwa jina lake, na deni lake lisihesabiwe kuwa la taifa. Kwa sheria za takwimu za Ulaya, kampuni ya umma hukaa nje ya vitabu vya serikali ikiwa inauza kwa bei ya kweli, na mauzo yake yanafidia angalau nusu ya gharama zake. Sasa fikiria ugumu wake. Ukipandisha bei, unawaudhi watu; ukiishusha ili watulie, unaanguka mtihani wa ile nusu, na deni linarudi serikalini.

Bei ya kwanza, iliyoanza Oktoba 2014, ilikuwa euro 4.88 kwa lita 1,000, maji safi na majitaka pamoja, na kila kaya ikipewa lita 30,000 za bure kwa mwaka. Nyumba ya watu wazima wawili wanaotumia lita 87,000 ingelipa kama euro 278. Kama bei, mimi sioni ubaya wake. Lakini hali ya hewa ilikuwa imeshachafuka. Mwezi Januari mwaka huo mkurugenzi wa Irish Water, John Tierney, alikuwa amesema redioni kwamba euro milioni 50 zilitumika kwa washauri, kabla hata ya ankara ya kwanza kutoka. Kisha kampuni ikawataka watu namba zao za hifadhi ya jamii ili wajisajili. Hapo hata wapole walikasirika.

Novemba serikali ikalegeza. Bei ikashuka hadi euro 3.70 kwa lita 1,000, lita za bure za kaya zikaondolewa (za watoto zikabaki), na kikomo kikawekwa: euro 160 kwa mwaka kwa mtu anayeishi peke yake, euro 260 kwa kaya nyingine. Chukua kalamu. Gawanya 260 kwa 3.70 unapata lita 70,000 na ushee. Nyumba yetu ya lita 87,000 imeshapita hapo kwa matumizi ya kawaida tu. Kuanzia hapo mwenye nyumba aoge mara moja au mara nne, aache bomba la bustani wazi usiku kucha, ankara haisogei hata senti. Na dira za maji, zilizogharimu mamia ya mamilioni ya euro na kufukiwa mbele ya zaidi ya nyumba 800,000, zikabaki kupima kitu ambacho kwa nyumba nyingi hakikuwa na bei tena.

Juu ya hapo ikaja ruzuku ya euro 100 ya "kutunza maji", aliyopewa kila aliyejisajili, awe amelipa au hajalipa. Katika mzunguko wa kwanza wa ankara ni asilimia 43 tu ya wateja waliolipa. Julai 2015 Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ikatoa uamuzi wake: Irish Water ni sehemu ya serikali, na deni lake ni la serikali. Basi. Sababu kubwa ya kuunda mpango mzima ikawa imekwisha. Baada ya uchaguzi wa 2016 ankara zikasimamishwa tarehe 1 Julai, na mwaka uliofuata zikafutwa.

Mimi ningeanza na kuvuja. Usiku wa manane, watu wamelala, dira ikiendelea kuzunguka taratibu bila kusimama, mara nyingi maana yake kuna ufa kati ya dira na nyumba. Dira za Ayalandi zilikuwa na kengele ya mtiririko wa namna hiyo, na kampuni ikawa inawarekebishia wenye nyumba bure mara ya kwanza. Mtu akishaona bomba lake limezibwa, unaweza kuzungumza naye habari ya ankara. Wao walituma barua ya ankara kwanza.

Leo kampuni inaitwa Uisce Éireann, na huduma ya majumbani inagharamiwa na kodi kama zamani. Maji yanayovuja yameshuka chini ya asilimia 40. Zile dira bado zipo chini ya vifuniko vyake, gari la kampuni linapita barabarani likizisoma kwa mawimbi ya redio, na kinachotafutwa ni nyufa.