Hamoki haikunji mtu mgongo, tatizo ni namna tunavyoifunga

Kila nikisema kwamba nikienda kambi nalala kwenye hamoki, yani kile kitanda cha kitambaa unachofunga kati ya miti miwili, naambiwa yaleyale: utapinda mgongo, utaanguka, utaganda na baridi. Na wengi wanaosema hivyo walishajaribu usiku mmoja, wakakesha wakigeuka-geuka, asubuhi wakaikunja wakaitupia kwenye begi na haijatoka tena mpaka leo. Inaniuma kwa kweli, mana nikiwauliza uliifungaje, karibu wote jibu ni moja, niliikaza vizuri. Hapohapo ndo penye tatizo.

"Ukiikaza sana ndo inanyooka kama kitanda"

Hii ndo inayoharibu usiku wa watu kuliko zote, na naielewa mana hata mi nilianza hivohivo. Akili inakwambia kilichokazwa kinanyooka na kilicholegea kinapinda, kwahiyo unavuta mikanda mpaka hamoki inakazana kama ngozi ya ngoma. Ukipanda sasa, kingo zinasimama kama kuta mbili, mabega yanasukumwa mbele, we uko katikati umebanwa kama mbegu ndani ya ganda, na ukijaribu kulala kimshazari inakurudisha katikati palepale mana kitambaa hakina nafasi ya kutanuka.

Ukweli ni kwamba hamoki inataka kulegea. Mkanda ushuke kutoka kwenye mti kwa pembe ya kama digrii 30 hivi, na huhitaji kifaa chochote kupima. Nyoosha kidole cha shahada kuelekea mbele, simamisha dole gumba juu, afu angalia mstari unaotoka ncha ya dole gumba kushuka hadi ncha ya kile kidole kingine, mkanda wako ukifuata mteremko huo uko sawa, basi.

Na sio starehe tu, ni usalama pia. Mtu wa kilo 70 akilala kwenye hamoki yenye pembe ya digrii 30, kila mkanda unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 70. Punguza iwe digrii 10 na nguvu inafika kama kilo 200 kila upande, digrii 5 ni kama 400. Uzito wako ni uleule, haujaongezeka hata gramu, ila kwa sababu umekaza kamba karibu zilale sambamba na ardhi, mishono, vifundo, karabina (ile pete ya chuma ya kuunganishia hamoki na mkanda) na hata miti yenyewe vinabeba mzigo ambao havikutakiwa kubeba. Watu wanasema hamoki niliyonunua ilikuwa feki imechanika, wakati mwingine ni kweli, ila mara nyingi ilikazwa mno.

Ukichoka kukisia kila mara, funga kamba ya juu, ile nyembamba inayounganisha ncha moja ya hamoki na nyingine ukiwa umelala inapita juu yako. Wazoefu wanaikata iwe kama asilimia 83 ya urefu wa hamoki, kwa hamoki ya mita 3.35 inakuja kama mita 2.78. Ikishakuwepo, ulegevu wa hamoki unabaki uleule hata kama leo miti imekaribiana na kesho imeachana. Ukishapanda ibane kwa vidole viwili ujaribu kuipinda, ikipinda kidogo ni vizuri, ila ikiwa ngumu kama waya basi shuka ulegeze mikanda.

"Utalala umejikunja kama upinde"

Utajikunja ndiyo, ukilala kufuata urefu wake, kichwa ncha hii miguu ncha ile katikati kabisa. Watu wanaona hamoki ni ndefu na nyembamba wanadhani lazima walale hivyo. Panda, kaa katikati, lala chali, afu sogeza miguu kulia kama sentimeta 30 kutoka mstari wa katikati na kichwa kisogee kushoto (au kinyume chake, kila mtu ana upande wake, mi kulia nikilala najisikia vibaya kabisa). Utasikia kitu kinatokea chini ya mgongo, kitambaa kinajinyoosha chenyewe, kiuno kinainuka, magoti yanaacha kubanwa, unakuwa karibu kunyooka kabisa. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa hii nilibaki nimenyamaza natazama majani juu, mana nilikuwa nimeshateseka safari nzima na hiyo nafasi ilikuwepo muda wote.

Ila hii inahitaji hamoki yenye urefu. Ile fupi ya mita 2.7 hivi ni ya kukaa na kusinzia, huwezi kupata mshazari wa kweli humo, ukitaka kulala usiku kucha tafuta ya kuanzia mita 3.3 na kama ni mrefu wa zaidi ya mita 1.8 nenda juu zaidi. Upana wa kubeba watu wawili haukusaidii, unakupa tu kitambaa cha kukupigapiga usoni.

Kuna mambo mawili madogo ambayo watu wanayaacha wakati ndo yanayoamsha mtu usiku. La kwanza, upande wa miguu ufunge juu kidogo kuliko wa kichwa, kama sentimeta 20 hadi 30 pale kwenye mti, la sivyo unateleza taratibu kuelekea miguuni na saa tisa usiku unajikuta umerundikana. La pili magoti. Ukilala chali kitambaa kinakaza chini ya shavu la mguu, goti linanyooka kupita kiasi na asubuhi linauma, weka sweta iliyokunjwa chini ya magoti na maumivu yote yanaisha.

"Ni kitu cha kupumzikia mchana tu"

Hapana jamani. Neno lenyewe Wazungu walilitoa kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, Columbus aliwakuta wanazilalia mwaka 1492, na jeshi la majini la Uingereza lilizikubali rasmi kwa mabaharia wake mwaka 1597. Huko Yucatán, Meksiko, mpaka leo kuna familia zinazolala kwenye hamoki kila usiku wa maisha yao, na wanalala kimshazari.

Mwaka 2011 watafiti wa Geneva, Uswisi, waliwalaza wanaume 12 usingizi wa mchana wa dakika 45 kwenye kitanda kinachobembea polepole, wakaonekana wanapitiwa na usingizi haraka zaidi kuliko wakiwa kwenye kitanda kilichotulia. Kilikuwa kitanda cha kubembea sio hamoki, na ni usingizi mfupi, kwahiyo sitakwambia kwamba hamoki inatibu mgongo kama wengine wanavyodai. Hiyo nayo ni dhana potofu.

"Ukiwa na slipingi begi nzito hutasikia baridi"

Hapa naomba unisikilize vizuri mana hapa ndo watu wanateseka kwelikweli. Usiku mmoja ilikuwa kama digrii 18 hivi, sio baridi ya kutisha, nikaingia kwenye slipingi begi nene, yani ule mfuko wa kulalia, nikajiona nimejipanga. Saa tisa usiku naamka kifua kinatoka jasho ila mgongo na makalio vimekuwa kama nimelalia barafu. Nikavaa koti juu, haikusaidia kitu.

Sababu ni kwamba kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa ndani ya ule ujazo wa begi. Ukilalia, uzito wako unaufinya, hewa inatoka, unabaki na vitambaa viwili vyembamba. Ukilala chini, ardhi angalau haina upepo, ila kwenye hamoki hewa inapita chini yako usiku kucha na kila inapopita inachukua joto lako. Kwahiyo hata uvae nini kwa juu, kama chini hakuna kitu utatetemeka.

Dawa ni kwilti ya chini, yani duveti linalofungwa kwa nje chini ya hamoki, hulilalii kwahiyo halifinywi. Ila nalo lina ufundi wake: ligusane na kitambaa kila mahali bila kukazwa. Ukishalala pitisha mkono kwa pembeni upapase chini ya kiuno, ukikuta nafasi, baridi itaingia hapohapo, na ukikuta limebana sana umeshalifinya, legeza. Kama huna, godoro jembamba la sponji linafanya kazi, tatizo lake linateleza na mabega yanabaki nje, hapo hamoki yenye kitambaa cha tabaka mbili inasaidia sana kwa sababu unaliingiza katikati halitembei.

"Itapinduka"

Zinazopinduka kirahisi ni zile zenye fito za mbao kwenye ncha mbili, mana zinakuweka juu ya kitambaa. Hizi za kambi ambazo ncha zinakusanyika zinakuzamisha ndani, ni ngumu kudondoka. Ifunge iwe kimo cha kiti, kama sentimeta 45 ukiwa umekaa, na ukae polepole uzito wote uingie kabla hujainua miguu. Mi naogopa zaidi mti wenyewe, usifunge kwenye mti uliokufa hata kama unaonekana imara, na tazama juu kama kuna tawi kavu. Mikanda iwe ya poliesta, upana sentimeta 2.5 au zaidi isikate gome, mana ya nailoni inavutika na unaweza kulala juu ukaamka makalio yanagusa majani.

Kulala ubavu inawezekana vizuri tu, mshazari uleule ukunje magoti kidogo. Kulala tumbo hapana, sijaona aliyefurahia.

Na mbu. Watu wanafunga chandarua juu wanadhani wamemaliza, kumbe kitambaa chembamba cha nailoni kimekazwa kwenye ngozi yako kwa chini na mbu anakuuma kupitia hapohapo, unaamka na vipele mgongoni tu. Kwilti ya chini inawazuia, tabaka mbili zinawazuia, au tumia chandarua kile kinachozunguka hamoki nzima mpaka chini.