Kodi haitalipa mkopo: hesabu kabla ya ploti ya kwanza

"Kodi italipa mkopo." Nimechoka na sentensi hii, kwamba kodi ya wapangaji itamaliza deni la ploti. Walimu huniambia, wauguzi huniambia, na maafisa wa polisi wanaokaribia kustaafu huisema kwa uhakika kuliko wote. Mimi ni afisa wa mikopo katika Sacco moja, chama cha akiba na mikopo, hapa Nakuru, na kila anayekuja kukopa anunue ploti yake ya kwanza ya kupangisha hunishushia maneno hayo kabla hata sijafungua faili yake. Hesabu ya kuyapima inataka kalamu na dakika kumi. Naiandika hapa ili anayekuja wiki ijayo aje akiwa ameshaifanya.

Tuchukue ploti ya mfano. Iko Kiamunyi, ina bedsita sita, yaani vyumba vya kulala na kupikia humohumo, na mwenyewe anataka shilingi milioni 4.5. Kila bedsita inatoa 6,500 kwa mwezi, kwa hiyo zikijaa zote ni shilingi 39,000. Mnunuzi anataka kukopa milioni 3 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, salio likipungua (riba huhesabiwa kwenye deni lililobaki tu), kwa miaka sita. Rejesho lake ni shilingi 58,651 kila mwezi.

Ziangalie tena: 39,000 zinaingia, 58,651 zinatoka. Hatujagusa gharama hata moja.

Wengi wakifika hapa huniomba nirefushe muda. Miaka saba inaleta 52,958, na pengo bado lipo. Wengine husema basi wataenda benki wapewe miaka 20. Nendeni, lakini pigeni hesabu kwanza. Milioni 3 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, miaka 20, rejesho ni takriban 37,300. Hapo macho hung'aa kwa sababu nambari hiyo iko chini ya 39,000. Kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kushangilia. Mpaka umalize utakuwa umerudisha karibu milioni 9. Na zile 39,000 hutazipata.

Hutazipata kwa sababu hakuna ploti inayojaa miezi kumi na miwili mfululizo, wapangaji wote wakilipa tarehe tano. Mmoja atahama usiku na deni la miezi miwili. Mwingine atapoteza kazi, na utamvumilia kwa kuwa ana watoto, nawe si mnyama. Ukinunua Njoro kwa kuwategemea wanafunzi wa Egerton, kumbuka vyuo vilivyofungwa Machi 2020, na kumbuka mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma mwaka 2025 uliodumu wiki saba. Mimi huondoa mwezi mmoja katika kumi na miwili hata kwa ploti nzuri. Zinabaki 35,750.

Kisha KRA, mamlaka ya ushuru. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5, kwa mwenye kukusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hutozwa kwenye kodi yote iliyoingia. Hupunguzi rangi, hupunguzi fundi wa mabomba, hupunguzi riba ya mkopo wangu. Ni 2,681 kwa mwezi, na inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wakala au msimamizi wa ploti akichukua asilimia 8, toa 2,860. Matengenezo, taa za nje, taka, na gari la kunyonya maji machafu pale pasipo na bomba la maji taka, weka 3,500 na uombe Mungu zitoshe. Mfukoni zinabaki 26,709.

Ukiweka hizo mbele ya rejesho la miaka sita, pengo ni kama 32,000 kila mwezi. Hizo zitatoka kwenye mshahara wako, siyo kwenye ploti. Mpaka mtu ajue 32,000 zake zitatoka wapi, hatujaanza kuzungumza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu anakuja na akiba ya milioni moja katika Sacco. Anajua tunakopesha hadi mara tatu ya akiba. Kwa hiyo anajumlisha: milioni moja yangu, milioni tatu za mkopo, jumla nne, bado laki tano, nitauza ng'ombe. Anaondoka hapo kwenda kuweka sahihi na muuzaji. Jamani, ile milioni moja huwezi kuitumia! Ndiyo iliyokupa haki ya kukopa milioni tatu, na itakaa palepale kama dhamana mpaka umalize deni. Ukitaka kuitoa, unatoa notisi ya kujiondoa uanachama, na huwezi kujiondoa ukiwa na mkopo. Pesa hiyohiyo haiwezi kuwa dhamana ya deni na pia sehemu ya bei.

Jambo hili limeandikwa kwenye masharti ya mkopo na husomwa kwenye mkutano mkuu kila mwaka. Bado naletewa mikataba iliyokwisha kutiwa sahihi, arubuni, yaani malipo ya kwanza ya kushikilia ploti, ya asilimia 10 imelipwa, siku 90 za kukamilisha malipo zimeanza kuhesabika, na mwanachama ndiyo kwanza anajua kuwa amepungukiwa na milioni nzima. Akishindwa kukamilisha, muuzaji anaweza kudai arubuni iwe yake. Ni shilingi 450,000 katika mfano wetu. Ningeomba kila mtu aje kwetu kabla ya kwenda kwa muuzaji, hata kama ni kuuliza tu, hata kama hana barua yoyote mkononi. Kuuliza ni bure.

Basi tuhesabu upya fedha ambazo ni zako kweli. Bei ni 4.5, mkopo 3, kwa hiyo unatoa milioni 1.5 taslimu, arubuni ikiwa ndani yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ploti iliyo ndani ya mji, yaani 180,000. Mashambani ni asilimia 2. Wakili, mthamini, upekuzi wa hatimiliki na usajili wa dhamana yetu, weka 150,000 kisha umtake wakili akuandikie hesabu yake. Tayari ni milioni 1.83. Ongeza akiba ya milioni moja isiyoguswa. Ongeza marejesho ya miezi sita kando, kama 352,000. Jumla ni karibu milioni 3.2. Anayetaka kukopa milioni tatu anahitaji kuwa na zaidi ya hizo tatu za kwake, na huo ndio ukweli ambao wauza ploti hawauweki kwenye mabango yao kando ya barabara.

Upande wa mshahara nitaupitia haraka. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Mwenye 120,000 hawezi kukatwa zaidi ya 80,000, na PAYE (ushuru wa mshahara), SHA (bima ya afya), ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na NSSF (akiba ya uzeeni) zikishachukua zao, nafasi iliyobaki ni kama 44,000 kwa mikopo yote. Rejesho la 58,651 haliingii hapo. Msiniambie kamati ya mikopo ihesabu kodi ya ploti: kodi ambayo haijaanza kuingia haihesabiwi. Mikopo midogo ya simu ilipeni yote. Nimewaona watu wazima wakikwama kwa sababu ya shilingi elfu mbili zilizowaingiza CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni. Na kama umewadhamini wenzako, akiba yako imeshikwa kwa kiasi hicho, hata kama wao wanalipa vizuri.

Mwenzi wako ajue. Ploti ikiwa Bahati au Rongai na bado ni shamba kisheria, kuna kibali cha Bodi ya Ardhi, na bila hicho mauzo hayasimami. Na atakayekuonyesha ploti upande wa Mwariki, mthamini aende kwanza. Ziwa Nakuru limekwisha kumeza nyumba za watu huko.

Wanaonipinga hoja yao ni moja: ardhi hupanda bei, na tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021 itazidi kupanda. Huenda. Lakini bei iliyopanda hailipi rejesho la mwezi huu. Faida hiyo unaiona siku ya kuuza, na siku hiyo ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15, uliopandishwa kutoka 5 mwaka 2023. Hata hivyo sitaki kudai kuwa hoja yao ni bure. Wapo wanachama wangu waliojifunga kibwebwe miaka sita, wakamaliza deni, na leo zile 26,000 zinaingia kila mwezi bila mtu kuwadai. Kwa bei ya 4.5, hiyo ni asilimia 7 na kidogo kwa mwaka. Je, wangekuwa mbele zaidi kama wangeacha fedha zao kwenye akiba na hisa? Nikipiga hesabu kwenye karatasi naona pengine ndiyo. Nikiwatazama watu wenyewe, nina shaka, kwa sababu fedha zilizo karibu na mkono huliwa na harusi, karo na matanga, na ploti haiwezi kuliwa hivyo. Kuhusu akiba ya miezi sita pia nina shaka. Kwa mwalimu mwenye ajira ya kudumu labda ni nyingi mno. Kwa mwenye duka soko la Wakulima naona ni chache.

Nisichokuwa na shaka nacho ni jaribio hili. Kabla ya kujaza fomu, fungua akaunti nyingine na uweke amri ya benki: 32,000 zihame kila mwezi, siku ileile mshahara unapoingia, kwa miezi sita. Usiziguse Januari shule zikifunguliwa. Usiziguse akiugua mtu ambaye ungemchangia kwa fedha nyingine. Ukifika mwezi wa sita una 192,000, zaidi ya nusu ya akiba ya dharura niliyoitaja, na taarifa ya akaunti ambayo kamati ya mikopo huisoma kwa makini kuliko barua yoyote ya mwajiri. Ukizitoa mwezi wa tatu, njoo tuzungumze kuhusu ploti ndogo zaidi, au nusu ya mkopo huo, au mwaka mmoja wa kungoja. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi.